Programu za Kufungua ZIP Uliyosahau Neno la Siri: Zinaweza Nini, Zinatudanganya Wapi?

Umekusanya madodoso yako ya utafiti, ukayabana kwenye faili moja la ZIP, ukaliwekea neno la siri ili mtu asichungulie. Miezi minane baadaye msimamizi wako anataka data, na kichwani hakuna kitu. Umejaribu jina la mtoto, umejaribu namba ya simu, umejaribu lile neno lako la siku zote. Wapi. Kama yamekukuta, makala hii ni yako. Kama hayajakukuta, soma tu, siku yako inakuja.

Hapa Majengo, Mpanda, ushauri wa kwanza utakaopewa ni ule ule wa Kariakoo na Mwanza: "Peleka kwa fundi, kuna programu ya kufungua." Ni kweli, programu zipo, tena nyingi. Leo tunazihakiki kwa maswali mawili. Je, zinafanya zinachodai? Na zikifanikiwa, mafanikio hayo yanatuambia nini kuhusu siri tuliyodhani tumeifunga?

Msimamo wetu tunautoa mapema ili usome ukijua tunakokwenda. Programu za bure ambazo msimbo wake uko wazi ni kazi nzuri sana ya kisayansi. Matangazo ya nyingi kati ya zile za kulipia yanapotosha. Na zote kwa pamoja zina upofu mmoja unaotuhusu sisi: hazijui Kiswahili. Upofu huo unatukwamisha leo, lakini usidhani unatulinda.

Hakuna mlango wa nyuma, kuna kukisia

Tuanze na dhana moja iliyotoka kwenye filamu. Unamwona mdukuzi anabonyeza, herufi ya kwanza inatokea, halafu ya pili, halafu ya tatu, tingi! mlango wazi. Kwenye mafaili yaliyobanwa jambo hilo halipo. Neno lako la siri halihifadhiwi ndani ya faili. Linapitishwa kwenye hesabu, hesabu inatoa ufunguo, na ufunguo ndio unaovuruga data. Ukikosea herufi moja tu, ufunguo unaotoka ni mwingine kabisa. Hakuna "umekaribia". Ukiwa na herufi 9 sahihi kati ya 10, uko mbali sawa na mtu asiyejua hata moja.

Kwa hiyo programu inabaki na njia moja kuu: kukisia neno zima, kulijaribu, likikataa kuchukua lingine. Ubora wake unategemea mambo mawili. La kwanza ni idadi ya maneno inayolazimika kujaribu. La pili ni gharama ya kila jaribio, na hili linaamuliwa na aina ya faili, programu haina la kufanya.

Gharama hiyo inatofautiana mno. ZIP ya zamani haimchelewesha mkisiaji karibu kabisa. ZIP inayotumia usimbaji wa AES inarudia hesabu yake mara 1,000 kwa kila neno. RAR5, iliyokuja na WinRAR 5 mwaka 2013, inarudia mara 32,768. Faili la 7z linarudia mara 524,288. Marudio haya yamewekwa makusudi. Wewe mwenye neno sahihi unasubiri kidogo tu, mara moja. Anayekisia anasubiri hivyo hivyo kila anapokosea.

Tufanye hesabu ya mtaani. Tuseme neno lako la siri ni namba ya simu ya Tanzania: tarakimu 10, inaanza na 06 au 07. Zinabaki tarakimu 8 zisizojulikana, yaani namba milioni 200. Tuseme laptopu yako inajaribu maneno milioni 10 kwa sekunde kwenye ZIP ya zamani, na 1,000 kwa sekunde kwenye RAR5. Kwenye ZIP hiyo, namba zote zinaisha ndani ya sekunde 20. Kwenye RAR5 ni siku 2 na saa kama 7. Umeme ukikatika unaanza ulipoishia, lakini utafika.

Sasa badilisha. Weka herufi ndogo na tarakimu 8 zilizochanganywa ovyo, bila maana. Michanganyiko inakuwa kama trilioni 2.8. Kwenye ZIP ya zamani ni siku 3 na ushee. Kwenye RAR5 ni miaka 89. Ongeza herufi mbili tu, ziwe 10, hata fundi mwenye kadi ya michoro inayojaribu maneno 50,000 kwa sekunde atahitaji zaidi ya miaka 2,000. Basi ukikuta tangazo linasema "tunafungua faili lolote, asilimia 100", ujue aliyeliandika ama hajui hesabu hii, ama anaijua na anategemea kwamba wewe huijui.

ZIP ya zamani inafunguka bila neno

Muundo wa ZIP ulitolewa na Phil Katz wa Marekani mwaka 1989, na usimbaji wake wa asili una udhaifu uliojulikana muda mrefu. Mwaka 1994 Eli Biham na Paul Kocher walionyesha kwamba ukijua kipande kidogo cha yaliyomo ndani, unaweza kupata funguo za ndani za faili bila kujali neno la siri lina urefu gani. Programu ya bure iitwayo bkcrack inafanya hivyo leo kwenye laptopu ya kawaida. Inahitaji baiti 12 tu unazozijua, na angalau 8 kati yake ziwe zimefuatana.

Baiti 12 ni kitu gani? Rudi kwenye madodoso yako. Ndani ya ZIP uliweka majibu ya watu, na pembeni ukaweka dodoso tupu la PDF, lile lile ulilowatumia watu kwenye WhatsApp. Basi yeyote mwenye nakala ya dodoso lile tupu, akiibana kwa programu na mipangilio uliyotumia, ana kipande anachokihitaji. Funguo zikipatikana, mafaili yote mengine yaliyofungwa kwa neno lile lile yanafunguka. Neno lako liwe na herufi 6 au 60, haisaidii. Karatasi uliyoigawa bure ndiyo imefungua sanduku.

Kuna kali zaidi. ZIP haifichi majina ya mafaili, wala ukubwa wake. Ya zamani inaacha wazi pia alama ya ukaguzi iitwayo CRC, namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Tuseme kuna mtu aliandika namba yake ya siri ya pesa za simu, tarakimu 4, kwenye faili dogo, akalifunga kwa ZIP hiyo. Faili lina baiti 4. Namba za tarakimu 4 ziko 10,000 tu, na kila moja ina CRC yake. Unakokotoa zote 10,000, unaangalia ipi inalingana, umeipata. Hujagusa neno la siri hata kidogo.

Usidhani hii ni historia. Ukitengeneza ZIP yenye neno la siri kwa 7-Zip bila kubadilisha kitu, mpangilio unaoukuta umechaguliwa ni huo wa zamani. Sababu inaeleweka: faili lifunguke hata kwenye Windows ya miaka mingi iliyopita. Lakini mtumiaji haambiwi kwamba urahisi huo ameulipia kwa usalama wake. Hapa lawama yetu inawaendea watengenezaji wa programu za kufunga, kabla hata hatujawafikia wa kufungua.

Mfano unaojulikana duniani ni wa Michael Stay, mtaalamu wa usimbaji wa Marekani. Mwaka 2019 alitafutwa na mtu aliyekuwa ameweka funguo zake za bitikoini kwenye ZIP mwaka 2016 na kusahau neno la siri. Wakati huo bitikoini zile zilikuwa zimefikia thamani ya zaidi ya dola 300,000. Stay na mwenzake hawakukisia neno. Walishambulia udhaifu wa usimbaji wenyewe, kwa kuendeleza mbinu aliyoichapisha Stay mwaka 2001, na walifanikiwa. Lakini ilihitaji mtaalamu, miezi ya kazi na kompyuta nyingi za kukodi. Programu ya kubonyeza kitufe kimoja isingeweza.

Tuzitazame programu zenyewe

John the Ripper ilitolewa mwaka 1996 na Alexander Peslyak, anayejulikana kama Solar Designer. Ni ya bure. Inakuja na vijiprogramu kama zip2john na rar2john vinavyotoa kwenye faili lako kile kinachohitajika kwa kukisia. Nguvu yake ni kanuni: unaipa orodha ya maneno, yenyewe inayageuza, inaongeza tarakimu, inakuza herufi ya kwanza. Udhaifu wake ni kwamba inaendeshwa kwa kuandika amri. Aliyezoea kubonyeza tu atatoka jasho siku ya kwanza.

Hashcat, ya Jens Steube, msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2015. Hii inatumia kadi ya michoro, kwa hiyo ina kasi kubwa. Tunachokipenda zaidi ni barakoa: kama unakumbuka kwamba neno lilianza na 07 na zilizobaki ni tarakimu, unaiambia hivyo na haipotezi muda kwingine. Yaani inaheshimu kile kidogo unachokikumbuka. Tatizo letu ni mashine. Laptopu nyingi tunazozitumia vyuoni hazina kadi ya maana, na hashcat bila kadi nzuri ni gari la mbio kwenye barabara ya tope.

Kisha zipo za kulipia. Kampuni kama Elcomsoft na Passware zimekuwa kwenye biashara hii kwa zaidi ya miaka 20, na wachunguzi wa makosa ya jinai wanazitumia. Hatuna ugomvi na hizo. Ugomvi wetu ni na kundi la programu ndogo ndogo zinazojaa kwenye matokeo ya utafutaji. Nyingi zinakupa toleo la majaribio linalokuonyesha herufi chache za mwanzo za neno lako, kisha linakudai ulipe uone zilizobaki. Kumbuka tulichosema: herufi hazipatikani moja moja. Kama kweli imekuonyesha tatu za kwanza, basi neno zima imeshalipata na imekaa nalo. Kazi imekwisha, unauziwa pazia. Na kama haijalipata, herufi hizo tatu ni za kubuni.

Kuna wanaokwepa kulipa kwa kutafuta toleo lililovunjwa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Faili hilo mara nyingi linakuja likiwa limebanwa, lina neno la siri, na neno lenyewe umeandikiwa pembeni: 1234. Kwa nini lifungwe kama funguo unapewa? Kwa sababu programu ya kuzuia virusi haiwezi kuchungulia ndani ya faili lililofungwa. Umeenda kutafuta dawa ya kufuli, kufuli lile lile limekuletea mwizi ndani.

Mwisho, tovuti zinazokuambia upakie faili lako wao walifungue. Fikiri: umelifunga faili ili mgeni asione, halafu unamkabidhi mgeni ili alifungue. Hakuna la kuongeza.

Kiswahili hakimo

Ukisoma jinsi programu hizi zinavyokisia, utaona zimekulia kwenye Kiingereza. Orodha maarufu ya maneno inayotumika ilitokana na uvujaji wa tovuti ya RockYou mwaka 2009, ambapo maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yalitoka hadharani yakiwa hayajasimbwa. Lililoongoza lilikuwa 123456. Kanuni za John nazo zina amri maalumu za Kiingereza: moja inafanya neno kuwa wingi, nyingine inalipeleka wakati uliopita, nyingine inaongeza mwisho wa kitendo kinachoendelea. Zote zinafanya kazi mwishoni mwa neno.

Kiswahili kinabadilika mbele. Nakupenda, ninakupenda, nimekupenda, tunakupenda, hatukupendi: mzizi ni mmoja, mabadiliko yote makubwa yako mwanzoni na katikati. Kanuni inayobandika mkia haitatoka kwenye "kupenda" ikafika "tulikupenda". Kwa hiyo mwanafunzi wa Mpanda aliyesahau neno lake la Kiswahili anasaidiwa na chombo kisichojua lugha anayootea ndoto. Programu inazunguka usiku kucha ikijaribu majina ya timu na wachumba wa Marekani, wakati neno lilikuwa jina la Simba au Yanga na mwaka.

Habari njema ni kwamba hili linarekebishika, na ni kazi ambayo mwanafunzi wa isimu na mwenzake wa kompyuta wanaweza kuifanya pamoja. John inaruhusu kanuni za kuingiza silabi mwanzoni mwa neno. Viambishi vya nafsi ni vichache, vya njeo ni vichache, vya mtendwa ni vichache. Ukichukua mizizi ya vitenzi 2,000 ukazidisha kwa viambishi 6 vya nafsi, 5 vya njeo na 6 vya mtendwa, unapata maneno 360,000. Kwa mashine hiyo ni kazi ya dakika chache hata kwenye RAR5.

Sasa ona upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Wapo wanaoamini kwamba Kiswahili ni ngao: "Mzungu hawezi kukisia." Siku yoyote mtu akikaa jioni moja akaandika kanuni hizo, ngao imekwisha. Na methali ndiyo mbaya zaidi. "harakaharakahainabaraka" ina herufi 23, inaonekana ndefu na imara, kumbe kwenye orodha ya methali ni mstari mmoja tu. Urefu unasaidia pale tu ambapo mkisiaji hawezi kuuruka kwa hatua moja.

Faili ni la nani?

Hapa ndipo suala linapotoka kwenye kompyuta na kuingia kwenye maisha ya watu. Mkoa wetu wa Katavi una makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya waliokimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye. Wengi wao na watoto wao wamekuwa raia wa Tanzania. Watafiti huenda huko kuuliza mambo mazito: uraia, ardhi, afya, nani alipoteza nani. Mama wa watu anakukalisha kwenye kigoda, anakupa maji, anakueleza yaliyomsibu kwa sababu ulimwahidi kwamba jina lake halitatoka. Kisha majibu yake unayafunga kwenye ZIP ya zamani, dodoso tupu likiwa humo humo, unaiacha kwenye flashi stesheneri ulikokwenda kuprinti.

Kwa hiyo programu ikifungua faili lako ndani ya sekunde 20, usishangilie tu. Umeokoa data, sawa. Lakini umepata pia jibu la swali ambalo hukuuliza: yeyote aliyeokota flashi ile angefungua kwa sekunde 20 hizo hizo. Ahadi uliyompa yule mama haikuwa na kitu nyuma yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, na inagusa pia kumiliki programu kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Fundi anayeletewa faili ana haki, tena ana wajibu, wa kuuliza: "Samahani dada, hili faili ni lako?" Programu haziulizi. Hilo tunalihesabu kama kasoro, ingawa tunajua hakuna msimbo utakaoiondoa. Kisu hakiulizi kinakata nini.

Basi ufanye nini?

Kama umeshasahau, usikimbilie programu. Chukua karatasi, andika kila unachokumbuka: urefu, mwanzo, lugha, kama kulikuwa na namba, mwaka uliolitengeneza, maneno uliyokuwa ukiyatumia kipindi hicho. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kadi ya michoro, kwa sababu inapunguza trilioni ziwe maelfu. Tafuta pia nakala ambayo haikufungwa: kwenye barua pepe, kwenye simu, kwa msaidizi wako wa utafiti. Kisha tengeneza nakala ya faili na ufanyie majaribio kwenye nakala hiyo, kwa kutumia John au hashcat, kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Kama bado hujasahau, tumia 7z, au ZIP ukiwa umechagua AES-256. Kwenye 7z weka alama pale panapouliza kama majina ya mafaili nayo yafichwe. Neno la siri litengeneze kwa dadu: orodha ya maneno 7,776, rusha dadu mara tano kwa kila neno, chukua maneno matano. Michanganyiko yake inazidi bilioni bilioni 28, na bado ni maneno ya kawaida kama embe, reli, shemeji. Liandike kwenye karatasi, karatasi iweke mahali unapoweka vyeti vyako. Wezi wa flashi na wezi wa vyeti mara nyingi si watu wamoja.

Na usipeleke neno la siri kwenye ujumbe ule ule ulioambatanisha faili. Tunajua unafanya hivyo.

Ukitaka hukumu yetu kwa kifupi: John, hashcat na bkcrack tunazipendekeza, kwa sababu zinakuambia ukweli hata pale zinaposhindwa. Zikizunguka wiki nzima bila kupata kitu, maana yake ulilifunga faili sawasawa. Inauma kwa sababu data ni yako, lakini ndicho ulichomwahidi yule mama wa Katumba.